Handaki linapojimeza: kusaka na kukata luupu za njia kati ya Mwanza na matawi ya ziwani

Mtandao tutakaoutumia kama mfano ni wa biashara ya dagaa yenye ofisi kuu Kirumba, Mwanza, na matawi mawili: Nansio kisiwani Ukerewe, na Sengerema ng'ambo ya ghuba. Kirumba kuna faiba yenye anwani ya kudumu 203.0.113.10, lango lake 203.0.113.9. Sengerema nako kuna laini yenye anwani ya kudumu 198.51.100.22, lango 198.51.100.21. Nansio kuna modemu ya 4G tu, 192.168.8.1, iliyo nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje), kwa hiyo haipigiki kutoka nje. Mitandao ya ndani ni 10.10.0.0/16 kwa Kirumba, 10.20.0.0/16 kwa Nansio na 10.30.0.0/16 kwa Sengerema. Kirumba na Nansio wameunganishwa kwa WireGuard, ambayo ni handaki: pakiti za mitandao ya ndani hubebwa ndani ya pakiti nyingine kuvuka intaneti. Kirumba na Sengerema kwa GRE, handaki la aina nyingine, yenye OSPF juu yake, yaani itifaki ambayo ruta hutumia kutangaziana njia. Luupu ni pale pakiti inapozunguka bila kufika. Anwani za nje ni za mfano, weka za kwako.

Pakiti inayopita handakini huamuliwa njia mara mbili, na hapo ndipo chanzo cha karibu kila luupu kilipo. Mara ya kwanza ruta inatazama anwani ya ndani, tuseme 10.30.1.15, inaona ni ya Sengerema, inaipeleka kwenye mlango wa handaki. Hapo pakiti inatiwa ndani ya bahasha mpya yenye anwani ya nje, 198.51.100.22. Bahasha hiyo nayo inarudi kwenye jedwali lilelile la njia kuulizwa: wewe unapita wapi? Jibu sahihi ni mlango wa faiba. Jedwali likijibu "kwenye handaki", bahasha inatiwa ndani ya bahasha nyingine, na hiyo ndani ya nyingine. Kwenye GRE kila bahasha ni baiti 24: 20 za kichwa cha IP na 4 za GRE. Na kwa kuwa kila kichwa kipya kinaweza kuja na TTL mpya (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita kabla ya kutupwa), usitegemee TTL ikuokoe.

Hiyo ni aina ya kwanza, handaki kujimeza. Aina ya pili ni ya ruta mbili kurushiana pakiti kupitia handaki ambalo lenyewe ni zima kabisa. Dalili zake ni tofauti na dawa yake ni tofauti, kwa hiyo jua kwanza unaumwa na ipi kabla hujagusa njia hata moja.

Kabla ya kugusa: usijifungie nje

Ruta ya Nansio inafikika kupitia handaki peke yake. Ukiandika njia mbovu ukiwa Kirumba, handaki linakatika, na kurekebisha ni kupanda meli. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X uingie Safe Mode kabla ya kuanza. Muunganisho ukikatika, mabadiliko yote yanarudishwa yenyewe, ila subiri hadi dakika 9 kwa sababu ruta hungoja TCP ikate tamaa. Kwenye Cisco andika `reload in 30`, ili ruta ijiwashe upya na mipangilio ya zamani baada ya dakika 30 usipoizuia, fanya kazi bila kuhifadhi, na ukimaliza salama andika `reload cancel`. Kwenye Linux, panga njia utakayoiongeza ifutwe yenyewe baada ya dakika 30:

```
echo "ip route del 203.0.113.10/32" | at now + 30 minutes
```

Hakikisha `at` imewekwa na huduma yake inafanya kazi. Kwenye mashine nyingi haiji nayo. Pia awepo mtu Nansio mwenye simu, anayejua ruta ni ipi kati ya vile visanduku viwili na anayeweza kuizima na kuiwasha ukimwambia.

Kujua ni luupu gani

Anza na traceroute kutoka kompyuta ya kawaida, bila kutafuta majina:

```
traceroute -n 10.20.99.5
tracert -d 10.20.99.5
```

Ya kwanza ni ya Linux, ya pili ya Windows. Ukiona anwani za ncha mbili za handaki zikipokezana mpaka mwisho, 172.16.0.1, 172.16.0.2, 172.16.0.1, 172.16.0.2, hiyo ni aina ya pili, ruta mbili zinarushiana. Ping kwenye Windows itakuambia `TTL expired in transit`, kwenye Linux `Time to live exceeded`. Ujumbe huo ni habari njema kwa fundi, maana unataja anwani ya ruta ambayo pakiti ilifia mikononi mwake.

Ukiona traceroute inafika ruta ya kwanza kisha nyota tupu, na handaki lenyewe linakufa na kufufuka, shuku kujimeza. Kwenye Cisco logi husema waziwazi:

```
%TUN-5-RECURDOWN: Tunnel0 temporarily disabled due to recursive routing
```

Kwenye Linux angalia `dmesg`. Maneno `Dead loop on virtual device` yakiwemo, kiini cha mfumo kimeshika pakiti inayojirudia. Lakini mara nyingi Linux haipigi kelele, inahesabu kimya. Tazama kaunta za mlango wa handaki:

```
ip -s link show gre1
```

Kwenye mstari wa TX, safu ya `errors` na safu ya mwisho, `collsns`, zikipanda kila unapopiga ping, umepata jibu. Kwenye GRE hakuna migongano ya waya. Kiini kinatumia kaunta hiyo kuhesabu bahasha ambazo njia yake ya nje imerudi kwenye handaki lilelile. Watu wengi huipita safu hii kwa sababu inafanana na masalia ya enzi za habu.

Kisha uliza jedwali moja kwa moja, na swali liwe juu ya anwani ya nje ya upande wa pili:

```
ip route get 198.51.100.22
show ip cef 198.51.100.22
/ip route print where 198.51.100.22 in dst-address
```

Amri hizo ni za Linux, Cisco na MikroTik kwa mpangilio huo. Jibu likitaja gre1, Tunnel0 au mlango wowote wa handaki badala ya mlango wa faiba, handaki linajimeza.

Hapa kuna mtego kwa wanaotumia `wg-quick`, programu ya kuwasha WireGuard kwenye Linux, yenye `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, yaani orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita handakini ikiwa ni "zote". `ip route get` ya kawaida itakujibu `dev wg0 table 51820` hata kama kila kitu ni kizima. `wg-quick` huweka alama 51820 kwenye bahasha za WireGuard zenyewe, na kanuni ya njia inasema pakiti zote zisizo na alama hiyo ziende jedwali la 51820. Swali lako halikuwa na alama, likajibiwa kama pakiti ya kawaida. Uliza hivi:

```
ip route get 203.0.113.10 mark 51820
ip rule show
```

Jibu la kwanza litaje modemu. La pili lionyeshe mstari wenye `not from all fwmark 0xca6c lookup 51820`, na mwingine wenye `suppress_prefixlength 0`. Mmoja ukikosekana, kuna mtu au programu imeufuta.

Mwisho wa uchunguzi ni tcpdump, nayo haibishaniwi. Piga ping kwenda ndani ya Sengerema huku ukisikiliza bahasha za GRE (itifaki namba 47) kwenye mlango wa faiba:

```
tcpdump -ni eth0 proto 47
```

Kimya maana yake bahasha hazitoki nje kabisa. Kwa luupu ya ruta mbili, sikiliza handaki lenyewe kwa `tcpdump -nvi wg0 icmp`: utaona pakiti moja, yenye `id` ileile, ikipita tena na tena na TTL ikishuka 63, 62, 61, 60. Pakiti ndogo zikipita na kubwa zikikwama, hiyo si luupu, ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Weka 1476 kwa GRE na 1420 kwa WireGuard juu ya laini ya 1500, kisha endelea na maisha.

Kurekebisha handaki linalojimeza

Kwa Sengerema mkosaji karibu kila mara ni OSPF iliyoachiwa kutangaza kila kitu. Mtu ameandika `network 0.0.0.0 255.255.255.255 area 0`, au `redistribute connected`, na ruta ya Sengerema inatangaza mpaka laini yake ya nje, 198.51.100.20/30. Kirumba inaipokea tangazo hilo kupitia handaki. Kabla ya hapo Kirumba ilifika 198.51.100.22 kwa njia ya msingi 0.0.0.0/0, sasa ina /30 ya handakini, na njia yenye kiambishi kirefu, yaani inayolenga anwani chache zaidi, hushinda daima. Umbali (namba ya ruta kupima chanzo kipi cha njia kiaminiwe zaidi) wa 1 wa njia iliyoandikwa kwa mkono dhidi ya 110 wa OSPF hausaidii hapa, maana umbali hulinganishwa pale tu viambishi vinapolingana. Wanaoongeza na kupunguza umbali kutwa nzima wanashika sehemu isiyouma.

Mwendo wake unajirudia kama saa. Handaki linawaka, majirani wa OSPF wanaonana, /30 inaingia, bahasha zinageuka ndani, hello, yaani salamu za OSPF zinazotumwa kila sekunde 10, hazifiki, baada ya sekunde 40 jirani anatangazwa kafa, /30 inafutwa, handaki linawaka tena. Kwa hiyo mteja anayesema "mfumo unakuja kidogo unakata, unakuja unakata", na vipindi vya kukata ni vya sekunde arobaini na ushei, ameshakupa nusu ya jibu kwa simu.

Dawa ina sehemu mbili, na zote zifanyike. Kwanza tangaza mitandao ya ndani na handaki tu:

```
router ospf 1
 network 10.30.0.0 0.0.255.255 area 0
 network 172.16.1.0 0.0.0.3 area 0
```

Pili, kataa anwani za nje zikija, upande wa Kirumba na upande wa Sengerema, ili kosa la mwenzako kesho lisikuangushe wewe:

```
ip prefix-list BILA-NJE deny 203.0.113.8/30
ip prefix-list BILA-NJE deny 198.51.100.20/30
ip prefix-list BILA-NJE permit 0.0.0.0/0 le 32
router ospf 1
 distribute-list prefix BILA-NJE in
```

Kwenye Linux kuna kinga nyingine rahisi ambayo wengi hawaitumii: funga handaki kwenye mlango wa nje tangu linapoundwa.

```
ip tunnel add gre1 mode gre local 203.0.113.10 remote 198.51.100.22 ttl 64 dev eth0
```

Hiyo `dev eth0` mwishoni inazilazimisha bahasha zitoke eth0 tu, hata jedwali likibadilika. Na kama kampuni ina matawi matatu kama hii yetu, fikiria upya kama OSPF inahitajika kweli. Njia mbili au tatu zilizoandikwa kwa mkono zinasomeka na fundi yeyote atakayekuja baada yako, na hazijifunzi kitu kibaya usiku. Kumbuka pia kwamba GRE haifichi chochote. Ikibeba hesabu za fedha, ifunge kwa IPsec.

Nansio ina kisa kingine. Hapo tawi limeambiwa lipeleke kila kitu Kirumba, 0.0.0.0/0, na bahasha za WireGuard zenyewe zinakwenda 203.0.113.10, ambayo nayo imo ndani ya "kila kitu". `wg-quick` inalishughulikia hilo kwa ile alama, lakini pale tu AllowedIPs inapoandikwa kama /0. Wengine hunakili mbinu ya OpenVPN na kuigawa kuwa 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1. OpenVPN ikifanya hivyo huongeza yenyewe njia ya /32 kwenda kwa seva kupitia lango la zamani, `wg-quick` haiongezi. Matokeo yake hendisheki, yaani salamu ya kufungua handaki, inapita mara moja au haipiti kabisa, kisha `wg show` inaonyesha baiti zilizotumwa zinapanda na zilizopokelewa zimesimama. Rudisha /0, au andika njia ya mwisho wa handaki kwa mkono:

```
ip route add 203.0.113.10/32 via 192.168.8.1
```

Kwenye MikroTik ni lazima uiandike, kwa sababu `allowed-address` huko haitengenezi njia yoyote na wala hakuna alama inayowekwa:

```
/ip route add dst-address=203.0.113.10/32 gateway=192.168.8.1
```

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu tatizo hurudi. Modemu ikizimika, lango 192.168.8.1 halifikiki, ile /32 inalala, na jedwali linachukua njia inayofuata inayolingana: ile 0.0.0.0/0 ya handaki. Modemu ikirudi mambo hujirekebisha, lakini katikati hapo ruta inajizungusha, CPU inapanda hadi asilimia 100, na kifaa kidogo kinaweza kuganda kiasi cha kuhitaji kuzimwa kwa mkono. Weka sakafu chini ya njia hiyo:

```
/ip route add dst-address=203.0.113.10/32 blackhole distance=250
ip route add blackhole 203.0.113.10/32 metric 4000
```

Mstari wa kwanza ni wa RouterOS 7; kwenye toleo la 6 andika `type=blackhole`. Njia halisi ikiwepo, sakafu hii haitumiki. Ikikosekana, bahasha zinatupwa kimyakimya mpaka modemu irudi. Hili lina uzito zaidi huku kwetu, ambako laini za redio zinazovuka maji huyumba kwa sababu mawimbi yanaakisiwa na uso wa ziwa, na laini inayokatika mara kumi kwa siku itaifichua kila njia isiyo na sakafu.

Kama mwisho wa handaki umeandikwa kwa jina badala ya anwani, hakikisha DNS inayolitafuta jina hilo haipiti handakini. Ruta ikiwaka upya baada ya umeme kukatika, haitapata jina bila handaki wala handaki bila jina.

Kurekebisha ruta zinazorushiana

Kirumba ina njia moja fupi: 10.20.0.0/16 iende Nansio. Nansio yenyewe inatumia 10.20.1.0/24 kwa kompyuta za mauzo na 10.20.2.0/24 kwa kamera, basi. Mtu wa Kirumba, au kirusi, au programu inayoskani mtandao, akitafuta 10.20.99.5, Kirumba inaipeleka Nansio. Nansio haina 10.20.99.0, inatumia njia yake ya msingi, ambayo ni Kirumba. Pakiti inarudi. Kwenye WireGuard hili hutokea pale Kirumba ilipomwekea Nansio AllowedIPs pana, kama 0.0.0.0/0; ikiwa ni 10.20.0.0/16 tu, Kirumba huitupa pakiti inayorudi kwa sababu chanzo chake ni 10.10.

Hesabu gharama yake. Pakiti ya baiti 1,400 yenye TTL ya 64 itavuka handaki mara 60 na kitu kabla ya kufa, yaani zaidi ya baiti 84,000 kwa pakiti moja, na kifurushi cha 4G kinahesabu za kwenda na za kurudi. Windows huanza na TTL ya 128, kwa hiyo zidisha mara mbili. Programu ya kuskani iliyosahauliwa wazi Kirumba inaweza kumaliza data ya Nansio huku duka likiwa limefungwa.

Dawa ni mstari mmoja, na unawekwa Nansio, upande wenye njia ya msingi ya kwenda handakini:

```
ip route add unreachable 10.20.0.0/16
ip route 10.20.0.0 255.255.0.0 Null0
/ip route add dst-address=10.20.0.0/16 blackhole
```

Sabneti mbili halisi za /24 zinaendelea kushinda kwa sababu ni ndefu zaidi. Kilichobaki chote kinafia hapohapo. Kwenye Linux pendelea `unreachable` kuliko `blackhole`, maana inarudisha jibu, na aliyekosea anwani anajua mara moja badala ya kungoja.

Mstari huu unazuia pia luupu inayokuja umeme ukikatika. Ruta ya Nansio iko kwenye betri lakini swichi ya dukani haiko. Swichi ikizima, kwenye Cisco au MikroTik ambayo anwani ya 10.20.1.1 iko moja kwa moja kwenye poti ya waya, njia ya 10.20.1.0/24 inaondoka pamoja na poti hiyo. Kuanzia hapo seva ya Kirumba inayouliza kompyuta za mauzo kila dakika inazungusha pakiti ziwani bure mpaka umeme urudi. Linux kwa kawaida huiacha njia hiyo jedwalini hata waya ukifa, ndiyo maana tatizo hili huonekana tawi moja na kukosekana jingine. Weka ule mstari kila tawi, hata lile lisilolalamika.

Handaki la EoIP, lile la MikroTik linalobeba fremu nzima za Ethernet, likitiwa kwenye briji lina hatari kubwa zaidi, maana fremu za Ethernet hazina TTL. Ukiunganisha Kirumba, Nansio na Sengerema kwa EoIP tatu za pembetatu bila kinga, brodikasti moja ya ARP inazunguka milele na matawi yote yanakufa kwa pamoja. Kama huwezi kuliepuka briji, weka RSTP, itifaki inayofunga njia ya ziada kwenye briji, pande zote tatu, washa `loop-protect=on` kwenye kila EoIP, na afadhali uondoe upande mmoja wa pembetatu.

Kuthibitisha

Usitosheke na ping moja iliyopita. Fanya traceroute kutoka pande zote mbili, na nyingine kwenda kwenye anwani isiyokuwepo, 10.20.99.5, sasa ikome Nansio papo hapo. Acha ping iendelee kwa dakika tano, ili ipite zaidi ya zile sekunde 40 za OSPF mara kadhaa, huku ukitazama `collsns` kwamba haisogei. Kisha chomoa modemu ya Nansio kwa dakika mbili, yule mtu wa simu akiwa amesimama mbele yake, na umwombe aangalie CPU ya ruta kupitia kompyuta ya dukani. Ikibaki chini, mwambie arudishe waya; hendisheki mpya inapaswa kuonekana kwenye `wg show` ndani ya dakika moja kama umeweka `PersistentKeepalive = 25` upande wa Nansio. Kila kitu kikikaa sawa, hapo ndipo unahifadhi mipangilio, unaandika `reload cancel` au kutoka Safe Mode kwa Ctrl+X, na unaifuta ile kazi ya `at` kwa `atrm` kabla haijaondoa njia uliyoiweka.